Anza na Isipokuwa

Mkono wa Mjomba Mdogo ulikuwa umelala juu ya mto kama mgeni aliyechoka na safari, mweupe kwa plasta tangu vidoleni hadi kiwikoni. Mbele yake aliketi Karani, kalamu tayari, karatasi imenyooshwa, akingoja neno. Neno halikuja. Sala ya alasiri ilikuwa imekwisha kuswaliwa, jua limeinama dirishani, na kitabu cha sheria ya ushahidi kilikuwa wazi magotini pa mjomba, naye amekifumbia macho kana kwamba anakisikiliza.

"Mjomba, wino unakauka," alisema Karani.

"Uache ukauke. Nikisema ovyo, utakaoumia ni mkono wako, si wangu."

Mjomba Mdogo alikuwa kitindamimba wa bibi yake Karani, na alizaliwa Karani akiwa tayari anakimbia uani. Mama yake Karani ndiye aliyewalea wote wawili, mdogo wake na binti yake, kwa pakacha moja la mapenzi. Hata hivyo, heshima ya ujomba haiulizi umri. Kila Karani alipoingia alitoa shikamoo yake huku kicheko kikimtekenya kooni, na mjomba akaivuta marahaba ndefu kama mzee mwenye mvi kifuani.

Wote wawili walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia uhakimu, mtihani ambao watahiniwa wake hujaza ukumbi na wateuliwa wake hujaza benchi moja. Kwa mjomba ilikuwa mara ya kwanza. Karani, aliyefanya kazi katika masjala ya mahakama, alikwisha kuujaribu akaanguka, na kanuni ziliweka kikomo cha umri. Ukimpita safari hii, hatauona tena ila kwa kuwapelekea wengine mafaili.

Si kwamba hakusoma. Rafu ya chumbani kwake ilielemewa na madaftari manene, vifungu kwa buluu, kesi kwa kijani, vighairi kwa wekundu pembeni mwa ukurasa. Mama yake alipoyafungua aliguna kwa mahaba. "Haya si madaftari, mwanangu. Ni bustani." Lakini siku ile ya mtihani Karani alikumbuka rangi ya jibu, akakumbuka hata pembe ya ukurasa lilipokaa, ila jibu lenyewe likamkimbia. Alikuwa amenakili sheria nzima bila kuzungumza nayo hata neno moja.

Basi mjomba alipoteleza bafuni akavunja mkono wake wa kuandikia, Karani alijitolea kumwandikia muhtasari. Alijitolea kwa huruma, na ndani ya huruma hiyo mlikuwa na chembe ya majivuno: angalau kuandika alikujua.

"Haya," alisema mjomba hatimaye, akafumbua macho. "Andika: isipokuwa."

"Isipokuwa nini? Kifungu chenyewe hujakianza!"

"Kwamba ushahidi wa kuambiwa haupokelewi, nani asiyejua? Hata muuza maji anajua. Watunga mtihani hawakai sebuleni, Karani. Wanakaa mlangoni, pale sheria inapotoka nje. Anza na isipokuwa."

Akanyamaza tena. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama alivyofanya utotoni chuoni alipokuwa akihifadhi Kurani, akiyapima maneno kwa mizani ya ulimi kabla ya kuyaachia. Kisha akasema taratibu: "Anayekufa husikilizwa, ingawa mahakamani hatafika."

Karani aliandika. Ulikuwa mstari mmoja. Aliutazama, akangoja mwingine, na haukuja. Katika bustani yake jambo hilo lilikuwa limemeza kurasa kadhaa.

"Ndiyo yote?"

"Funga kitabu. Sasa nitungie mtu anayekufa."

Karani alicheka, akatunga: mshona viatu kachomwa kisu, kalala barazani, kamtaja aliyemchoma, kisha akakata roho.

"Maskini, Mungu amrehemu. Maneno yake yanapokelewa?"

"Yanapokelewa."

"Na kama alipona?"

Kalamu ya Karani ilisimama. Alizipitia kurasa zake kichwani, akaziona buluu, kijani na nyekundu, na mshona viatu hakuwemo.

"Kama alipona," alisema mjomba, macho yakicheka, "aache uvivu, aje aseme mwenyewe."

Mama yake Karani, aliyekuwa akipita na sinia ya chai, aliangua kicheko. "Huyu hata mahututi hamhurumii!"

Karani naye alicheka, lakini aliporudi chumbani alikaa mbele ya rafu yake kwa muda mrefu. Alichokistaajabia hakikuwa akili ya mjomba. Watu wenye akili alikwisha kuwaona mahakamani, wakitamba na majoho yao. Alistaajabia subira ile. Mtu anaichukua sheria, anaizungusha mdomoni mpaka inalainika, na haitoi mpaka imekuwa yake. Kwa kuwa mjomba aliuonea huruma mkono wa Karani, hakuwa na neno la kutupa.

Tangu siku hiyo Karani naye akajaribu. Alisoma kifungu, akafunga kitabu, akailaza kalamu mezani, akavikataza vidole vyake mpaka sentensi iive. Ilikuwa adhabu. Vidole vilivyozoea kukimbia vilimwasha. Mara nyingi sentensi ilikuja mbichi, akaifuta, akarudi kitabuni kuona alipoidhulumu.

Kisha ikaja alasiri ya rufaa. Mjomba alisema mstari wake, mfupi, mzuri, ukiutaja muda wa kukata rufaa katika mashauri ya ardhi. Karani aliuandika, na alipoweka nukta moyo wake ukashtuka. Muda huo si huo. Ulikwisha kubadilishwa, tangazo la marekebisho lilibandikwa ukutani masjalani, naye aliliingiza daftarini mwake kwa wino wa buluu. Kitabu cha mjomba kilikuwa cha toleo la zamani.

Mjomba alikuwa amefumba macho, akiurudia mstari wake kwa utulivu. Karani aliutazama ule mkono mweupe juu ya mto. Alifikiria benchi ile moja. Alifikiria mafaili. Chai iliyokuwa mbele yake ikapoa.

"Mjomba, muda huo umekufa."

"Umekufa lini?"

"Ulirekebishwa. Upo kwenye daftari langu."

Mjomba alifumbua macho, akamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Ungenyamaza, ningekwenda nao hivyo hivyo mtihanini."

"Ndiyo."

"Na nisingejua kamwe."

"Ndiyo, mjomba."

Akanyamaza. Katika vimya vyake vyote hicho ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vingine, na Karani hakuthubutu kukigusa. Kisha mjomba akasogea kumpisha nafasi mkekani, ubavuni pake. "Ilete hiyo bustani," alisema. Na tangu hapo hakuna mstari ulioandikwa kabla hajauliza: "Bustani inasemaje?"

Asubuhi ya mtihani mama aliwaombea dua mlangoni, mikono yake miwili juu ya vichwa viwili. Plasta ilikuwa imeondolewa. Mkono wa mjomba ulionekana mwembamba, umepauka, kama mtu aliyetoka kifungoni. Ukumbini alikaa safu chache mbele ya Karani.

Karatasi ziligeuzwa. Mara moja kalamu zikaanza kukimbia pande zote, zikichakarisha kama mvua juu ya bati, kila mtu akihofia kuachwa. Karani alilisoma swali la kwanza. Alihisi vidole vikiwasha. Akainua macho juu ya migongo yote ile iliyoinama, akakiona kisogo alichokizoea, kimetulia, na kando yake mkono mwembamba uliopumzika mezani.

Kalamu ya mjomba ilikuwa bado imelala. Karani naye akailaza yake, akafumba macho, akaanza kuutafuta mlango.