Mtunza Mabegi wa Malaba

Kitu cha kwanza Roselida kukigundua kilikuwa benchi. Pale Malaba, kwenye kibanda cha chai karibu na nyumba za kulala madereva wa malori, kila alipotaka kuinuka ilimbidi kwanza amwonye aliyekaa upande wa pili ajishike vizuri, la sivyo benchi lingebinuka na chai imwagike. Asubuhi hiyo alisahau. Aliinuka, akapiga hatua mbili, kisha roho ikamruka na akageuka haraka. Mwanamume aliyekuwa upande wa pili alikuwa akipuliza chai yake, wala hakuwa na habari.

Miezi kadhaa ilikuwa imepita tangu madaktari wa hospitali moja huko Eldoret wampasue na kumpunguza tumbo ili apungue unene. Sukari ilikuwa imempanda na magoti yalikuwa yamekataa kumbeba. Dada yake Mildred, mwenye ofisi ya kupitisha mizigo hapo mpakani, ndiye aliyelipia upasuaji na ndiye aliyemuuguza. Sasa magoti yalikuwa kimya, usingizi ulikuja mapema, na akitoka kijijini kwao Busibwabo mtu wa bodaboda hakumdai tena nauli ya watu wawili.

Lakini mwili haukuondoka kwa adabu. Nywele zilibaki kwenye kitana. Alfajiri alihisi baridi ambayo hakuwahi kuijua. Ngozi ya mikono ilining'inia kama mikono ya sweta la kuazima. Ugali sasa ulikuwa matonge machache ya kutafunwa kwa subira, na akisahau akala haraka, jasho lilimtoka na moyo ukamwenda mbio. Siku moja alilia mbele ya sahani ya samaki, kwa sababu alikuwa ameshiba na bado anamtamani yule samaki. Alijifuta machozi, akamfunika kwa ajili ya jioni, akaendelea na siku yake.

Hayo yote aliyaweza. Kilichomnyima raha kilikuwa kazi.

Roselida alikuwa mtunza mabegi. Malori yakipanga foleni kungoja kuingia Uganda, dereva anayeenda kuoga au kufuata karatasi zake hawezi kuacha vitu garini, maana vioo huvunjwa. Basi humletea yeye: mabegi, blanketi, redio, jiko dogo la gesi. Yeye huvipanga nyuma ya kibanda chake na kukaa mlangoni. Hakuwa na kufuli. Aliyemwanzishia kazi hiyo alikuwa mzee Job, dereva wa siku nyingi kutoka Mariakani. Ndiye aliyempa jina la Stoo, na ndiye aliyetunga ule mzaha. "Acheni kwa Stoo," aliwaambia wenzake. "Hata akitaka kutoroka na vitu vyenu, atafika wapi?" Wakacheka, Roselida akacheka nao, na mabegi yakaja. Mzaha ukatembea foleni nzima mpaka ukawa ndio tangazo lake.

Aliporudi kutoka Eldoret amekonda, watu walianza kunong'ona kwamba ana ugonjwa. Hilo alilimaliza mapema. Aliwaambia wazi kwamba amefanyiwa upasuaji, akamwonyesha muuza chai makovu madogo ya tumboni, na kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika Tororo, ng'ambo ya mpaka. Lakini dereva mmoja, Wandera, alisimama mbele yake na begi mkononi, akamtazama miguuni kwa muda, akasema kwamba siku hizi Stoo amewekewa magurudumu. Akavuka barabara, akaliacha begi kwa Janet, mama mnene ambaye naye alikuwa amefungua kibanda. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyemwita Roselida mwizi. Hakuwahi kumpotezea mtu hata soksi. Ulikuwa utani tu, na utani haukatiwi rufaa.

Mildred alimwambia aje apige deki ofisini kwake. Roselida akajibu kwamba atangoja mwezi uishe. Mabegi yasipokuja, atafunga kibanda. Alikuwa amebakiwa na begi moja tu, la mzee Job, ambaye aliliacha kwa mazoea.

Alhamisi, foleni iliyokuwa imelala tangu jana yake iliamka ghafla. Karatasi za mzee Job zilikuwa zimekubaliwa akiwa bado kwa mawakala wa forodha, na alipopanda garini askari alikuwa tayari anampungia mkono aende. Nyuma yake honi zilikuwa zinalia. Hakuweza kusimama. Roselida aliliona lori likipita, akaliangalia begi. Ndani mlikuwa na dawa za presha, alizokuwa akimwona mzee akizimeza hapo mlangoni kila jioni, na mzee alikuwa anaelekea Juba.

Alilitupa begi begani, akatoka mbio.

Hakuwa amekimbia tangu alipokuwa mtoto. Ngozi ya tumbo ilimpigapiga chini ya gauni na kitambaa cha kichwa kikadondoka, lakini miguu ilimwitikia. Alingoja pumzi ikatike. Haikukatika. Akaongeza mwendo.

"Stoo anatoroka na begi," mtu akapaza sauti kwenye kibanda cha chai.

Mmoja akacheka. Wengine hawakucheka, waliinuka. Wandera akaongoza, wenzake nyuma yake, na mbele kijana wa bodaboda akaikingamisha pikipiki yake barabarani.

"Mama, hiyo begi ni ya nani?"

"Ni ya mwenye lori ile. Nipishe, ama nikuruke."

Kijana akarudisha pikipiki nyuma.

Mzee Job aliona kwenye kioo cha pembeni mwanamke mwembamba ana begi, na kundi la madereva linamfukuza. Alikanyaga breki kabla hajamtambua. Roselida akapanda ngazi ya lori, akamsukumia begi dirishani. Akateremka, akajifunga vizuri leso kiunoni. Ndipo wale wengine wakafika. Wandera aliinama ameshika magoti, akihema kama aliyesukuma gari. Alipoweza kusema, alisema jioni atahamisha begi lake kutoka kwa Janet, kwa sababu mtu mwenye mbio kama hizi hakuna mwizi atakayemponyoka.

Mzee Job alitoa kichwa dirishani, akatabasamu. "Kumbe Stoo, siku zote hizi ungeweza kututoroka."

Wote wakacheka, kisha wakamtazama, wakingoja acheke kama kawaida. Kicheko kilimfika Roselida kooni, alikuwa amekizoea. Akakimeza. Mzee Job alimwona uso, akazima injini ingawa honi zilikuwa zinamtukana kutoka nyuma.

"Karibuni na mabegi yenu," Roselida alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika. "Lakini yasije kwa sababu naweza kukimbia, vile yalikuja zamani kwa sababu sikuweza. Nilikaa na vitu vyenu miaka hiyo yote kwa sababu mimi si mwizi. Na ule mzaha, mzee, uliniuma. Siku ya kwanza uliniuma, na kila siku niliyocheka na nyinyi, uliniuma."