Printa Iliyosingiziwa

Printa iliyoletwa safari hii ni ile ya kazi zote: inachapa, inatoa kopi, inaskani, na kwa maneno ya boksi lake itamfurahisha kila mtu nyumbani. Maboksi husema mengi. Kazi yangu ni kuyasikiliza, kisha kuangalia kama yanasema kweli. Nina ukurasa wa tathmini katika jarida la vyombo vya nyumbani. Nimeshapima mabirika, pasi, feni, na vikaangio visivyoshika chakula ambavyo vilishika. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini wahenga hawakuwahi kusoma tangazo la printa.

Niliiweka kwenye meza ya sebuleni nikaanza kubandua utepe. Waliifunga kana kwamba ingetoroka. Nilipodhani nimemaliza nikaiwasha, ikakwaruza, nikaizima, nikakuta utepe mwingine ndani umejibana karibu na kichwa cha kuchapia. Hilo nikaliandika. Katriji za wino ziliingia vizuri, kila moja mahali pake. Kuiunganisha na simu ndiyo ilikuwa shughuli. Ilikataa, ikakubali, ikakataa tena.

"Umeiamkia lakini?" akauliza mume wangu, akipita na chai yake. "Huenda ni mkubwa wako."

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na utani wake huwa haukawii. Nilimwambia akasahihishe madaftari.

Ilipokubali, ilifanya kazi vizuri, sikatai. Maandishi yalitoka meusi, hayakuchuruzika nilipoyapitishia kidole chenye maji. Kioo cha kuskania kilikuwa safi. Kelele zake ni za kuvumilika. Kosa lake ni kwamba ina ulafi: mara kwa mara hubeba karatasi mbili kwa pamoja, ya juu inachapwa na ya chini inatoka vilevile ilivyoingia. Nikaandika: trei ya karatasi, alama za chini.

Ikabaki rangi.

Kwa rangi nina utaratibu wangu. Ipo picha niliyoipiga mwenyewe zamani: sahani nyeupe, limau na ndoo ya bluu. Kila printa inayoingia nyumbani huichapa picha hiyo, nami humpelekea Mama. Mama huiangalia, husema, nami huandika alichosema. Wasomaji wanasifu jicho langu. Jicho ni la Mama.

Mama ni mchanganya rangi katika duka la rangi za nyumba. Mteja anakuja na kipande cha kigae, au kitambaa cha pazia, anasema nataka ukuta ufanane na hiki. Mama anakitazama, anamimina nyeupe kwenye ndoo, anadondoshea hii na ile, anakoroga, anapaka kidogo kwenye ubao, anasubiri ikauke. Ikikauka, ni ileile. Dukani hawamwiti jina lake, wanamwita Jicho. Mafundi wenye mvi wanamsubiri atoke msalani wasije wakahudumiwa na mwingine. Nyumba tunayoishi ni yake, kainunua kwa kukoroga ndoo. Sisi ndio tuliohamia kwake, na mume wangu hukumbushwa hilo kila anapoacha taa inawaka.

Mwaka jana Mama alipaka jiko upya kwa mkono wake. Rangi ya maziwa, alisema. Nasi tukasema, hongera Mama, imependeza. Chumbani mume wangu aliniambia kwamba ng'ombe aliyetoa maziwa yale angepaswa kulazwa. Nikamfinya. Nani angesimama mbele ya Mama amfundishe rangi?

Siku za karibuni Mama alikuwa na hasira. Mteja mmoja alirudisha rangi dukani, akisema aliyonunua mara ya pili haifanani na ya kwanza, na sebule yake sasa ina mabaka. Mama alimwambia fundi wake ni mlevi. Mteja akapiga kelele, tajiri mwenye duka akatoka ofisini, akamrudishia fedha. Halafu akamwita Mama pembeni akamwambia, kwa adabu zote, kwamba ikitokea tena itabidi ahamie kwenye kaunta ya brashi na misumari.

"Misumari!" Mama alisema siku ile, bado ana viatu miguuni. "Mimi niuze misumari? Bora nikae nyumbani nihesabu mbu."

Na ndoo zilizokuwa zinafuata zilikuwa za shule nzima, madarasa yote. Alitakiwa azichanganye Jumatatu asubuhi, tajiri akiwa amesimama hapo.

Basi nilimpelekea picha ya kwanza siku kadhaa kabla ya Jumatatu hiyo. Aliishika mbali kidogo, akaisogeza, akakunja uso.

"Hii mashine yako inamwaga njano. Ona sahani. Hii ni sahani au ni chapati?"

"Imezidi sana?"

"Imezidi. Na ndoo imekufa. Bluu haipo hapo, kuna matope."

Mimi niliiona sahani nyeupe. Nasema wazi, niliiona nyeupe, na ndoo niliiona ya bluu. Lakini nilirudi kwenye mashine kama mtoto aliyeambiwa arudie kufagia. Nikasafisha kichwa cha kuchapia. Nikachapa ukurasa wa majaribio, mistari yote ikatoka imenyooka, hakuna tundu lililoziba. Nikabadilisha karatasi. Nikachapa tena.

"Njano," akasema Mama.

Nikaandika: rangi, alama za chini kabisa; printa inaelemea njano kiasi cha kuharibu picha. Nikatuma.

Mhariri wangu alinipigia kabla sijamaliza kunywa chai.

"Hii ya njano umeipima na nini?"

"Na jicho."

"Wenzako ofisini wana ileile. Wameipima na kile kifaa cha kupimia rangi, njano haijazidi. Nikichapisha hivi na ikawa si kweli, watengenezaji watanikalia shingoni, nami nitakukalia wewe. Rudia. Nataka jibu Jumatatu."

Nilikasirika. Kifaa! Nilipokata simu nilikisema kifaa chao maneno ambayo hayaandikiki. Mume wangu alichukua ile picha, akaitazama.

"Mimi naona iko sawa."

"Wewe ni mtu wa hesabu."

"Ndiyo, na sahani ni nyeupe."

"Unamjua Mama kuliko mimi?"

Akainua mikono, akaondoka. Amekaa na sisi muda wa kutosha kujua wapi pa kunyamaza.

Jumapili alasiri, kwenye mwanga mzuri wa dirisha la sebuleni, nilirudia kila kitu mwanzo hadi mwisho. Nilichapa picha ileile mara kadhaa, karatasi ya kawaida, karatasi nzito, karatasi ya picha. Nikazipanga mezani, nikamwita Mama. Alikuja akipangusa mikono, akakaa, akaanza kuzipitia moja moja.

"Njano. Njano. Hii ina afadhali, lakini njano. Mwanangu, hao waliokuletea wamekuuzia mbuzi kwenye gunia."

"Hawajaniuzia, Mama. Ni ya kupima."

"Basi ipime uwarudishie." Akachukua nyingine, akaigeuza, akaiinua dirishani. "Mungu wangu! Hii sasa ndiyo kiboko. Hata picha haikuweka. Imepaka njano tupu ukurasa mzima, haikuacha hata ukingo."

Nikacheka. Nikanyoosha mkono niichukue, niiandike kwenye makosa.

Halafu nikasimama na mkono wangu hewani. Haikuacha ukingo? Nimepima printa nyingi. Printa ya nyumbani, ukiipa karatasi ya kawaida, haichapi mpaka pembeni. Itake isitake, huacha ukingo mweupe pande zote, maana karatasi lazima ishikwe mahali. Hakuna namna ingepaka njano mpaka ncha ya karatasi. Nikaiangalia ile karatasi mkononi mwa Mama. Ilikuwa karatasi tupu. Ni ile ya pili, iliyobebwa kwa ulafi pamoja na ya juu, ikatoka bila kuguswa na tone la wino.

Kulikuwa na njia rahisi. Ningesema ehe, Mama, kweli, mashine mbovu hii. Ningeichukua karatasi, ningemwandikia mhariri kwamba kifaa chake ni sahihi, na Mama asingejua kitu. Ndivyo tunavyoishi katika nyumba ile, tunampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tunaita heshima. Lakini kesho yake ni Jumatatu, na zile ndoo za shule zilikuwa zinamsubiri, na tajiri amesimama.

Nikafungua rimu mpya mbele yake. Nikachomoa karatasi ya katikati, nikampa.

"Na hii, Mama?"

"Njano vilevile. Kwani kuna haja ya kuniuliza?"

"Hiyo nimeitoa kwenye rimu sasa hivi, umeniona. Haijapita kwenye mashine. Na ile nyingine nayo haijachapwa kitu. Zote mbili ni nyeupe, Mama."

Mama alizishika zote mbili, moja kila mkono. Alipitisha dole gumba juu ya moja, kisha juu ya nyingine, anavyofanya kwenye ubao wa dukani kujua kama rangi imekauka. Nilitamani aniseme. Nilitamani aniite mjinga, aniambie nimenunua karatasi mbovu. Nilikuwa tayari kabisa kukubali.

Akaweka karatasi chini. Akaziba jicho la kushoto, akatazama. Akabadilisha mkono, akaziba la kulia, akatazama tena.

"Hili la kushoto linasema nyeupe," akasema taratibu. "La kulia linasema njano."

"Mama..."

"Nyamaza kwanza."

Akainuka, kiganja bado juu ya jicho la kulia, akaenda jikoni. Nikamfuata. Mume wangu alikuwa humo anaosha vikombe, akafungua mdomo aseme jambo la kuchekesha, akaniona uso, akaufunga. Mama alisimama katikati ya jiko lake. Akauzungusha uso wake ukutani polepole, ukuta baada ya ukuta, mpaka akarudi alipoanzia.

"Nani kapaka hivi?" akauliza. Kisha akajijibu mwenyewe. "Nimepaka mimi."

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki. Mume wangu akafunga bomba.

"Mwaka mzima," akasema Mama. "Mwaka mzima mmekula humu. Mlikuwa mnaona?"

Mume wangu akanitazama. Nami nikaitazama sakafu.

"Mkwe. Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona, Mama."

"Na wewe?"

"Naona, Mama."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tulidhani... wewe ndiye unayejua rangi."

"Ningekuwa naijua ningepaka hivi?" Sauti yake ilipanda, ikakatika. "Yule mteja nimemtukana. Nimemwita fundi wa watu mlevi, mbele ya duka zima. Mngeniambia kuhusu ukuta tu. Ukuta tu! Ningekasirika, ningewanunia wiki, halafu ningeenda kwa daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi hata sikuyaficha. Mmenifichia nyinyi."

Nililia, na machozi hayakumpunguzia chochote. Mume wangu alisema samahani Mama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza neno.

Mama alivuta kiti akakaa. Alishusha mkono, akapepesa macho yote mawili, akauweka tena.

"Kesho kabla duka halijafunguliwa nitamwambia tajiri mwenyewe," akasema. "Zile ndoo achanganye mwingine, mimi nitasimama karibu. Kisha nitakwenda hospitali wanitazame hili jicho. Wewe utakuja nami kote kote."

"Nitakuja, Mama."

"Na ukija, utaniambia unachokiona. Si unachodhani mimi nakiona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Tuanze hapa hapa. Jiko hili ni rangi gani?"

Nilipangusa uso. Hata wakati ule, nawaambia, neno maziwa lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Bluu, Mama."

"Bluu ipi?" Aliuliza vilevile anavyomuuliza mteja dukani, kwa ukali uleule, kama mtu ambaye hatakubali jibu la kubahatisha.

Ikabidi niutazame ukuta kwa kweli. Nikausogelea, nikaweka karatasi nyeupe kando yake. Nilichukua muda, naye akanisubiri.

"Ya shuka la hospitali lililofuliwa sana," nikasema. "Bluu hafifu, ndani yake kuna kijivu."

"Nyeusi imeingia kidogo, basi," akasema Mama, na kutikisa kichwa. "Nakumbuka niliidondoshea, pamoja na bluu ya kuua njano niliyokuwa naiona. Endelea. Na karibu na dirisha?"

Tulifika mpaka nyuma ya mlango. Usiku ule nilimwandikia mhariri, nikafuta ya njano, nikaacha ya trei. Chini ya rangi niliandika: sahani nyeupe inatoka nyeupe, ndoo ya bluu inatoka ya bluu. Nimeangalia mwenyewe.