Sauti ya Pili

Jumanne moja ya Oktoba 1993, saa nne asubuhi, Évode alikuwa akinyoosha mlango uliobonyea wa Toyota nyeupe, kwenye gereji moja ya Gikondo, wimbo ulipomwingia kichwani. Ulitoka kwenye redio ya fundi rangi, ile stesheni mpya ambayo kila mtu alisema haisikilizi. Uliwacheka Watutsi, ukawaita wadudu, ukawahimiza wenye nyumba waamke wafagie. Évode aliuchukia kabla haujaisha. Kufika saa sita, nyundo yake ilikuwa ikiufuata.

Tuseme ukweli, Évode hakuwa msikilizaji wa kawaida. Alikuwa mwaka wa kumi na moja akifundisha kwaya ya misa ya Kiswahili, kwaya ya mafundi na wake zao, na alikuwa na ugonjwa wa walimu wote wa kwaya: hawezi kuacha kosa lipite. Mstari wa tatu wa wimbo ule ulishuka kabla ya wakati wake. Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu, akiwa anaoga, aliurekebisha. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, akautilia sauti ya pili, kisha ya tatu, kisha besi. Kazi nzuri, alijiambia. Halafu akajiita mjinga, halafu akaurudia kutoka mwanzo.

Jumamosi, kwenye mazoezi, wimbo ulianza kutoka katika sikio lake la kushoto. Haukuwa na nguvu, ulisikika kama redio ya nyumba ya jirani, lakini maneno yote yalikuwamo. Gasana, mwimbaji wa besi, aliinama asikilize vizuri.

"Mwalimu, hiyo kitu iko inatoka kwako."

"Najua. Fungueni ukurasa wa kumi na mbili."

Évode alijaribu pamba. Alijaribu nta ya mshumaa, mafuta ya ng'ombe, na rozari nzima akiwa amelalia upande huo. Mganga wa zahanati alimulika ndani kwa tochi, akasema sikio ni safi, akaomba ubeti wa pili urudiwe. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili halikuwa na nia ya kufa. Lilikuwa na afya kuliko mwenyewe. Spès, mke wake, alihamia upande wa kulia wa kitanda na maisha yakaendelea.

Tatizo lilikuwa Béatha. Huyu alikuwa fundi cherehani, mama wa mtoto mmoja, Régis, na mtu pekee katika kwaya aliyeweza kuishika sauti ya pili bila kuburutwa na ya kwanza. Alikuwa Mtutsi, kama kitambulisho chake kilivyosema. Évode alimhitaji kwa misa ya Krismasi. Zaidi ya hapo alimpenda kama dada yake wa tumbo moja, ila hakuwahi kumwambia, maana kila Jumamosi alikuwa na shughuli ya kumwambia anachelewa kuvuta pumzi.

Béatha alihudhuria mazoezi matatu, akaimba sehemu yake, akaenda nyumbani. Siku ya nne alibaki nyuma, akavuta benchi, akatega sikio karibu na la mwalimu mpaka wimbo ukaisha.

"Hiyo sauti ya pili iko ya kwangu," alisema.

Kweli ilikuwa yake. Évode hakujua kuwaza sauti ya pili kwa koo jingine. Humo kichwani Béatha alikuwa akiwaita watu wake wadudu, kwa pumzi safi, bila kuchelewa hata mara moja.

"Nilitengeneza tu mstari wa tatu," alisema Évode. "Ilikuwa mbaya."

"Na maneno?"

"Maneno sikugusa."

"Ungeanza pale, Mwalimu."

Évode aliona aibu. Akamwahidi kwamba Jumapili, baada ya matangazo ya misa, atasimama mbele ya watu wote na kusema kuwa wimbo ule ni uovu. Béatha alisema atakuja kusikia.

Jumapili ikafika, Évode akasimama. Kabla hajafungua kinywa, sikio lilianza. Watu wa mabenchi ya mbele, kwa heshima ya mwalimu, wakaitikia, na wa nyuma wakafuata. Walifika mstari wa tatu kila mmoja na kasi yake, fujo tupu. Hapo mkono wa kulia wa Évode, ambao haujawahi kuwaacha watu waimbe bila kiongozi, ulipanda wenyewe na kuwaweka sawa. Aliwaongoza mpaka mwisho. Alipogeuka, Béatha alikuwa ameshaondoka.

Wiki iliyofuata redio iliupiga wimbo ukiwa na mstari wa tatu mpya. Évode alikubali mbele ya Spès kwamba yeye ni mpumbavu mwenye kipaji, na Spès akasema kipaji si kikubwa hivyo.

Alikwenda kwa Béatha kuomba msamaha. Béatha alimpokea mlangoni, akalisikiliza sikio kidogo.

"Usirudi tena, Mwalimu. Régis anasikia hiyo sauti, ananiuliza kwa nini naimba vile."

Krismasi kwaya iliimba kwa sauti tatu, bila ya pili. Baada ya komunyo, kanisa liliponyamaza, Béatha alisikika wazi kutoka katika sikio la mwalimu, akiimba wimbo ule ule. Padri, mtu wa adabu, alisubiri amalize ndipo akatoa baraka.