Dole Gumba la Kaimu

Baba yangu, mzee Kaimu, alizikwa Chinongwe akiwa mtu asiyejua kusoma wala kuandika. Hivyo ndivyo tulivyomjua sote. Siku za kuuza ufuta kwenye chama cha msingi, wenzake wakisaini, yeye alichovya dole gumba kwenye wino wa zambarau na kugandamiza. Mimi Fauzia, binti yake wa pekee, ndiye niliyekuwa macho yake. Barua za shule, vyeti vya hospitali, hata ujumbe wa matapeli kwenye simu, vyote nilimsomea mimi, tena kwa maringo. Nikiwa darasa la pili nilimchorea herufi mchangani kwa kijiti nikamwambia aige. Akachora kitu kama kiwavi. Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nilipokwenda shule ya bweni, wenzangu walipata barua kutoka kwa baba zao. Mimi nilipata mfuko wa karanga, na ndani yake karatasi iliyokunjwa vizuri, haina kitu ila dole gumba la zambarau katikati. Wasichana wa bwenini walinicheka. Sikujali. Nilijua baba amefika mwisho wa uwezo wake.

Basi wiki moja baada ya arobaini, mama yangu Zulfa akiwa bado kwenye eda, mwanamke mmoja alipiga hodi. Alikuwa mtu mzima, amejifunga kaniki kama mfiwa, na bahasha ya kaki ameibana kwapani. Alisema anaitwa Mwanawetu, ametoka Nachingwea. Mama akaniambia, "Msalimie mama yako mkubwa. Ndiye aliyekuwa na baba yako kabla yangu."

Nikamwamkia. Aliitikia macho yakiwa chini, akatupa pole, akaketi mkekani. Chai niliyomwekea hakuigusa. Sikumpenda hata kidogo. Mtu mmeachana naye kabla mimi sijazaliwa, unafuata nini kwa mjane wake?

"Nimeleta barua za marehemu," akasema. "Aliniandikia wakati ananichumbia. Zilikuwa mahakamani siku zote hizi. Sasa wanapanga upya majalada ya zamani, karani akanipigia simu nikachukue zilizo zangu. Nikaona bora akae nazo mtoto."

Mama akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. "Umekosea nyumba, dada. Kaimu wangu alikuwa anaweka dole."

"Kaimu alikuwa anaandika," Mwanawetu akasema. "Kule Mnero vijana wakitaka kuposa walimwendea yeye awaandikie."

Niliipokea bahasha kwa hasira, nia yangu nimuumbue kisha nimsindikize njiani. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Kila moja ilikuwa na muhuri wa mahakama, na mtu alikuwa ameandika "kielelezo" kwa wino mwekundu, juu kabisa ya neno "mpenzi". Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nikaruka hadi mstari wa mwisho: Ukija, kiti chako kipo.

Kila baba aliponituma kumwandikia salamu ndugu yake, alitaka nimalizie hivyo hivyo. Aliniambia hivyo stendi nilipokuwa narudi shule. Aliniambia hivyo hospitali, sauti imeshamkauka, jioni ya mwisho nilipomuaga.

"Mama," nikasema, "ni zake."

Mwanawetu ndipo akasimulia. "Tulipoachana, mjomba wangu alisema nisiliachie shamba la mikorosho. Kaimu alikuwa ameniahidi shamba lile ndani ya barua, kabla ya ndoa. Nikazipeleka ziwe ushahidi. Nilidhani hakimu atasoma pale penye shamba tu. Karani akasimama akazisoma zote, watu wamejaa mpaka madirishani. Kuna mahali ameandika kwamba akinikumbuka shambani huwa anaongea na jembe. Walicheka watu! Hata wazee wa baraza walicheka. Baada ya hapo akipita sokoni watoto wanamuuliza, 'Jembe limejibu?'"

"Na shamba?" mama akauliza.

"Nilipata. Siku ya kusaini, Kaimu akasukuma kalamu kando, akaomba wino, akaweka dole. Karani akamwambia, 'Wewe si unajua kuandika?' Akajibu, 'Nilikuwa najua.' Akahamia huku Ruangwa."

Nilitamani kumpiga yule mwanamke, halafu nikatamani kumpiga baba. Kumbe kiwavi kile alikichora kwa makusudi. Kumbe nilipomsomea cheti cha hospitali akaniambia, "Umeruka mstari, mwanangu," hakuwa amebahatisha.

"Soma nisikie," mama akasema.

Nikafungua kinywa. Nikamwona karani amesimama na watu wamejaa madirishani. Nikazikunja. "Sisomi, mama. Zilishasomwa kwa sauti mara moja, na mnaona zilivyomfanya."

"Jina langu limo?"

"Halimo."

Mama akawa anavuta nyuzi za mkeka. "Nilikwenda kujifungua kwetu," akasema, "nikakaa huko mpaka mbaazi zikavunwa, sikupata hata mstari mmoja. Nikajisemea, masikini, hajui. Maisha yangu yote nimemhurumia. Asiyejua humdai kitu. Huyu alijua, akaninyima."

"Nisamehe, mdogo wangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Basi usije kuyazolea kwangu."

Mwanawetu akaanza kulia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. "Mimi sina hata haki ya kumkalia eda," akasema. Mama akamtazama ile kaniki yake, akaichukua bahasha mikononi mwangu, akamwekea mapajani. "Chukua," akamwambia. "Ndiyo eda yako hiyo."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilitaka kumwomba walau barua moja, nikashindwa, kwa sababu si mimi niliyeandikiwa.

Niliporudi nilifungua tranka langu la shule nikatoa makaratasi ya baba, yale ya kwenye mifuko ya karanga. Nikamlilia pale pale sakafuni, kwa uchungu na kwa hasira. Baba, si ungeandika hata jina langu tu? Nani angekucheka? Mimi?

Mama akaja akaketi kando yangu. Aliokota karatasi moja, akalitazama lile dole kwa muda mrefu, akalipitishia kidole chake juu kufuata mistari yake.

"Wewe unazo nyingi," akasema. "Nipe na mimi moja."

Nikampa. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.