Sare za Kwenda Kumsikia Leodgar

Sisi wanawake wa Itetemia, hapa Tabora, tumeshona sare za harusi, za misiba, za ubatizo na hata za kumpokea paroko mpya. Sare ya kwenda kutazama filamu tulishona mara moja tu, na aliyeanzisha ni mimi, Apolinaria, kwa hiyo mwenye kucheka anicheke mimi. Kitenge kilikuwa cha kijani chenye maua makubwa ya njano. Jirani yangu Recheli, ambaye ni Mmoraviani lakini chai ya jumuiya yetu ya Kikatoliki haimpiti, alisema tutaonekana kama shamba la alizeti. Nilimwambia anyamaze alete vipimo vyake.

Filamu yenyewe inaitwa Wapenzi Kumi na Wawili, Keki Moja. Ni ya mapenzi na ya kuchekesha, ina jozi sita za wapenzi, wengine wameachana, wengine hawajui kama wanapendana, na wote wanakutana Tabora kwenye harusi ambayo keki yake imepotea. Walipokuja kuipiga, Agosti ya mwaka juzi, waliichagua nyumba yetu kwa sababu ina baraza pana. Mimi nikapewa kazi ya kupika pilau ya kweli kwa ajili ya wageni wa uongo. Mume wangu Leodgar, gadi mstaafu wa reli, akapewa nafasi ya baba wa bwana harusi, kwa kuwa mwigizaji waliyemleta aliumwa tumbo. Alitakiwa kusema sentensi moja tu ya nasaha.

Sentensi moja kwa Leodgar ni hotuba. Miaka thelathini na minne alisafiri nyuma ya treni, Tabora kwenda Kigoma, Tabora kwenda Mpanda, na nadhani ukimya wa kule kwenye behewa la mwisho ulimwingia mwilini. Alikuwa akirudi saa yoyote, alfajiri au mchana wa jua kali, anakuta chakula cha moto kimefunikwa kwa kawa. Anakula, ananawa, anatoka kwenda kukagua kuku. Asante hakuna. Nilikuwa nalalamika mpaka kwa padri. Watoto wetu, Kabula na wadogo zake, walifundishwa kushukuru chakula, baba yao anakaa pale pale kama hayamhusu.

Dairekta wa filamu alikuwa msichana Mzaramo, anaitwa Mwantumu. Sasa Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ya babu zetu ilipokuwa inateremka pwani na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukutukana msibani kwako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Siku ya kwanza tu Mwantumu alinipigia magoti, "Shikamoo mama," nikaitika marahaba, akaongeza, "Naona mizigo yetu mmeshaitua, mnangoja nini, mshahara?" Nami nikamwambia Mzaramo akisikia ngoma huuza hata shamba alilokopeshwa. Tukapendana papo hapo.

Siku ya kipande cha Leodgar, wanawake wote tulifukuzwa barazani tukawekwa uani na masufuria yetu, tusipige hata kijiko. Watu waliobaki kule mbele walikuwa waigizaji na mafundi wa kutoka Dar. Nilisikia sauti ya mume wangu kwa mbali, nikashangaa, kwa sababu ilikuwa inaendelea. Iliendelea zaidi ya sentensi moja, zaidi ya kumi. Ilipokoma, Mwantumu akaja uani, akasema, "Mama, mzee wako kazungumza Kinyamwezi tupu, hakuna aliyeelewa kitu, lakini Mungu wangu, ile sura!"

Usiku ule nilimuuliza Leodgar alisema nini. Akatafuna mpaka akamaliza. "Ngoja filamu," akasema. "Utasikia."

Baada ya wiki tatu kiharusi kilimpiga akiwa na kuku mkononi. Mkono wa kulia ukalala na ulimi ukalala. Anaelewa kila kitu, anatembea kwa mkongojo, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, lakini neno halitoki tena. Wala kuandika hawezi kwa huo mkono wa kushoto. Kwa hiyo maneno ya mwisho aliyonipa ya maana ni hayo mawili, ngoja filamu. Nikangoja, miezi kumi na tisa. Wengine walikuwa wanasubiri kuona nani atamwoa nani; mimi nilikuwa nasubiri kumsikia mume wangu. Nilimweleza kila mtu sokoni na kanisani, na sare nikashonesha.

Mwezi mmoja kabla, Mwantumu alinipigia simu. Alisema filamu itaonyeshwa kwanza Tabora, kwenye ukumbi mmoja pale Gongoni, Jumamosi saa tisa alasiri. Kisha akasema, "Ila mtani, kipande cha mzee tumekitoa. Kimekuwa kirefu, na watu hawaelewi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Mzaramo mwongo wewe! Endelea hivyo hivyo, nitakuja kukutoa wewe kwenye ukumbi wako!" Naye akacheka, akasema mama una moyo mkubwa, akakata simu. Niliwasimulia wenzangu tukacheka tena. Nani asiyejua mdomo wa mtani?

Jumamosi tuliingia ukumbini wanawake kumi na wanane wa njano na kijani. Leodgar alivaa koti lake la kazi, vifungo nimevisugua mwenyewe. Nilimkalisha mstari wa pili, upande wa kulia kwangu, ili mkono wake mzima uwe jirani na wangu.

Filamu ni nzuri, siwezi kusema uongo. Ukumbi ulivunjika mbavu. Jozi moja wanagombana mpaka wanaangukia kwenye sufuria la pilau yangu, na Recheli akapiga kelele, "Hiyo pilau nilichambua mchele mimi!" Baraza letu lilipotokea, kubwa ukutani, nilimshika Leodgar mkono. Bwana harusi akasimama. Akageuka kumtazama baba yake. Halafu picha ikaruka, tukaona keki, tukaona watu wanalishana keki, muziki ukaanza, majina yakaanza kupanda. Kwisha.

Watu wakapiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa. Nilijisikia mjinga kuliko siku zote za maisha yangu, na maua yangu ya alizeti. Binti wa watu aliniambia ukweli kwa mdomo wake, nami nikamcheka kwa sababu ni Mzaramo. Sikuthubutu kumtazama Leodgar. Yeye pia alikuwa amengoja.

Mwantumu alitukuta hapo hapo, watu wakiwa wanatoka. Aliona uso wangu, tabasamu lake likafa. "Mama, si nilikwambia?"

"Uliniambia," nikasema. "Nilidhani utani." Nikamweleza yote, kiharusi, ngoja filamu, miezi kumi na tisa. Nililia mbele yake bila aibu.

Akaketi sakafuni, na gauni lake zuri la shughuli. "Mimi nilijua mzee amechoka tu, ndiyo maana haongei," akasema. "Mama, nilikitoa kwenye filamu. Sikukifuta. Kipande kile siwezi kukifuta hata unipige." Akafungua begi, akatoa kompyuta, akaiweka juu ya magoti yangu na ya Leodgar, akatafuta kwa muda. Recheli akasogea nyuma yetu, akainama atazame.

Leodgar akatokea, mzima, mikono yote miwili inafanya kazi. Hakumtazama bwana harusi. Alitazama kule kwenye mlango wa uani nilikokuwa, akasema kwa Kinyamwezi, na mimi nakuwekeeni kwa Kiswahili:

"Mama Kabula, hawa watoto wamenipa maneno yao, wanasema mwanamke ni ua. Mimi sijui maua. Najua nilikuwa nashuka kazini saa ambayo hata stesheni masta haijui, nami nakuta chakula cha moto. Nilijiuliza unajuaje. Mwaka wa tatu ndipo nikagundua kwamba unaisikiliza honi, unaamka, unawasha moto. Treni nyingine nazo zikawa zinakuamsha bure. Nikamwomba Ambrosi dereva, na kila dereva aliyekuja baada yake, kwamba mimi nikiwemo, akikaribia mji apige honi mbili fupi. Nisipokuwemo, moja ndefu, ulale. Niliwapelekea asali kila mwaka kwa ajili ya honi hizo. Mdomo wangu ni mzito, wewe unajua. Zile honi ndizo zilikuwa asante yangu. Kama hukuelewa, nasema leo mbele ya watu. Wabeja. Wabeja sana, mama."

Wabeja ni asante yetu. Alilisema mara mbili, na kila mara aliinamisha kichwa.

Miaka zaidi ya thelathini niliziamkia honi mbili. Nilidhani ndiyo desturi ya reli, treni ikitoka Kigoma inapiga hivi, ikitoka kwingine inapiga vile. Nilikuwa nasimama gizani na kiberiti, nanung'unika kwamba hata treni ina adabu ya kubisha hodi kuliko mume wangu. Ee Mungu, nashukuru. Nashukuru kwa yule mtoto wa pwani ambaye hakufuta, nashukuru hata kwa mwigizaji aliyeumwa tumbo.

Recheli alikuwa anajipangusa machozi kwa sare mpya. Mwantumu alinitazama mimi, akamtazama yeye, akashindwa kuvumilia. "Mama, kasema nini? Miezi yote hii nakitazama, sijui kasema nini."

Nikafunga kompyuta taratibu. "Kasema," nikamjibu, "Wazaramo wapewe pilau kidogo, wasije wakalala kabla ya kazi."

Mwantumu alicheka, akaamini. Leodgar naye akacheka kwa ule upande wake mmoja, mabega yanatikisika, mpaka mkongojo ukaanguka. Niliuokota. Kisha nikainama sikioni kwake, nikamwambia kwa lugha yetu kwamba honi zote nilizisikia.