Ganzi Miguuni mwa Ndaki

Mume wangu Ndaki tulimzika masika yaliyopita, na waombolezaji wengi walimkumbuka kwa mifugo yake. Mimi humkumbuka zaidi mwaka ule miguu yake ilipokufa ganzi.

Ilikuwa wakati wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kuingia Bariadi. Josho letu la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limekauka kwa kukosa dawa, lakini dawa ya kupulizia pamba iliuzwa hata gulioni, kwenye chupa za soda. Ndaki aliichanganya na maji, akachovya tambara, akawapaka ng'ombe wote kwa mikono mitupu. Kupe walipukutika. Jioni alitapika na kutokwa jasho jingi, lakini kulipokucha akaamka mzima, na baada ya wiki akarudia.

Mwezi haujaisha, alirudi kutoka gulioni na kandambili moja.

"Nyingine umemwachia nani?" nikamtania.

Akatazama chini. Hakujua ilimvuka wapi.

Haukupita muda akawa hasimami bila kushika ukuta. Mdogo wake, Bundala, akamgeukia Nyanjige, shangazi yao mzee tuliyeishi naye, ambaye wote tulimwita sengi.

"Huyu ndiye kamfunga miguu. Hamwoni macho yake mekundu? Jumapili aondoke!"

Sengi alikuwa amepikia moto wa mavi ya ng'ombe maisha yake yote. Moshi ule ungeacha macho gani meupe? Na mwanamke aliyefukuzwa kwa neno la uchawi hapokelewi popote.

Nikampakia Ndaki kwenye mkokoteni, nikamlazimisha Bundala atuswagie ng'ombe hadi zahanati. Tabibu Januarius alimgonga magoti kwa kinyundo, akamchoma nyayo kwa sindano, kisha akauliza kazi alizofanya. Aliposikia habari za dawa ya pamba, akaketi.

"Seli za mishipa ya fahamu zina mikia mirefu, inatoka mgongoni hadi kwenye vidole vya mguu. Sumu ile inaozesha mkia kuanzia nchani, ndiyo maana nyayo zimetangulia. Lakini seli ikibaki hai, mkia unaweza kuota tena. Polepole. Na dawa ile asiiguse kabisa."

"Mbona ng'ombe wazima?" Bundala akabisha.

"Kila ng'ombe alipata tambara lake. Kaka yako alipata matambara yote."

Jumapili ilipofika Bundala alikuja, akafukia chupa za dawa mbali na kisima. Habari ya sengi kuondoka hakuigusa.

Sengi ndiye aliyemkanda Ndaki miguu kwa maji ya moto kila asubuhi, akiyapima kwanza kwa kiwiko, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hakuhisi kitu. Pamba ikapandwa, ikachanua. Asubuhi moja Ndaki akavuta mguu kwa nguvu, beseni likapinduka.

"Sengi, unaniunguza!"

Sengi akashika mdomo, machozi yakamtoka. Kisha akapaza sauti kuelekea zizini:

"Bundala we! Njoo uone, namroga tena kaka yako!"

Bundala akaja, kichwa chini. Akaokota beseni, akaenda kuteka maji mengine.