Uji Wenye Pumba

Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Aliyesema hivyo hakumjua baba yangu. Huyu huulizwa, hubembelezwa, halafu hukataa, na kijiko hukirudisha kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani.

Mashine ya kusaga ninayoiendesha mimi sasa ilikuwa yake. Tangu ujana hadi mgongo ulipopinda, kazi yake ilikuwa kukoboa mahindi mpaka unga utoke mweupe pe. Pumba zilizobaki aliwauzia wafuga kuku. Kwa hiyo daktari aliponiambia kwamba utumbo wa mzee umelegea, ale nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga za majani na matunda ili apate nyuzinyuzi za kutosha kila siku, nilicheka kicheko cha mtu aliyekwisha. Daktari hakucheka. Alisema mzee akifunga choo tena mpaka utumbo uzibe kama safari iliyopita, itabidi apasuliwe, na kwa moyo ule alio nao huenda asiamke.

Baba alisikia yote, akajibu kwa heshima kabisa kwamba yeye si jogoo.

Basi nikaingia njia ya panya. Kila jioni nilipofunga mashine, nywele zimejaa unga na masikio bado yanavuma, nilichota pumba, nikazisaga upya, nikazitia kwenye uji wake na kuficha rangi kwa maziwa na ndizi ya kuponda. Kaka yangu, dereva wa malori, alikuwa akipiga simu kutoka njiani kuniambia nimpe mapapai. Mapapai! Utadhani mimi ndiye niliyekuwa nimeyaficha. Washauri ninao tele. Wa kunipokea mzigo ndiye sina.

Baba alikula. Nilishangaa, lakini mtu aliyechoka haichunguzi bahati. Jagi la maji nililomwekea kando ya kitanda, kama daktari alivyosisitiza, kila asubuhi nililikuta tupu. Nikajipongeza. Wala haikusaidia kitu. Tumbo lilizidi kujaa, naye akawa akikaa anajikunja. Nikamwongezea pumba.

Jumapili nilitoka kuanika nguo nyuma ya nyumba, nikateleza. Kiangazi kikavu, mvua hatujaiona kitambo, na chini ya dirisha la Baba matope tele. Nikasimama pale na ndoo yangu ya nguo, nikaelewa maji ya jagi yalikokuwa yakienda. Hasira zilinipanda.

Nikampigia daktari. Akasema pumba bila maji hukauka humo ndani zikawa kama udongo wa kufinyangia. Niziache mara moja, mzee anywe maji sasa hivi, na kesho asubuhi tumbo likiwa bado halijafunguka nimlete hospitali.

Niliingia chumbani na kikombe mkononi. Maneno nilikuwa nayo, tena makali. Nikamwambia namlisha, namfulia, namwogesha, na yeye ananichezea shere kwa jagi la maji. Nikamwambia hata zile pumba ninazomtilia kwenye uji zimegeuka sumu kwa ukaidi wake. Hapo nikajishika mdomo, maana siri nilikuwa nimeimwaga mwenyewe.

"Pumba nilizijua tangu kijiko cha kwanza," akasema. "Ulisaga kwa haraka. Zilikuwa na chenga."

Nikamuuliza kwa nini basi alikula.

"Ulikuwa umehangaika."

Na maji je? Alikunja shuka, akalikunjua. Kisha akasema taratibu kwamba choo kiko uani, miguu yake haimfikishi tena, na kila akinywa lazima aniamshe. Alisema hunisikia ninavyoinuka, najigonga mlangoni kwa usingizi. Kuna siku nilimshikilia kule chooni nikasinzia nimesimama, ikabidi yeye ndiye anishike mimi. Hata sikumbuki.

"Nikasema mwanangu apumzike," akamalizia. "Mimi nitavumilia."

Hasira ziliniishia zote. Nikabaki na uchovu peke yake, na kumbe ulikuwa mwingi kuliko nilivyodhani. Nikakaa kando yake kitandani. Nilitaka kumwambia kwamba sichoki, ila angenicheka.

"Baba, kuchoka nimeshachoka," nikasema. "Sasa usiponywa, nitakuwa nimechoka bure."

Alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa hadi chini kwa shida, kama anayemeza dawa, akapumua, kisha akaninyooshea nimwongeze. Cha pili pia akakimaliza. Mchana wote ukaenda hivyo, kikombe baada ya kikombe, na mimi na yeye uani tunakwenda na kurudi, yeye macho kayainamisha chini kwa aibu, mimi nimempa bega. Nguo zangu mbichi zilibaki kwenye ndoo. Kila tulipotoka kapa nilizidi kufikiria nani atanishikia mashine kesho nikiwa hospitali.

Jua lilikuwa limeshuka kiasi tulipokwenda tena. Safari hii alinifukuza, akasema atajishika ukutani, nimngoje nje. Nikangoja. Nikaegemea mlango, miguu inawaka moto, nikiomba kimoyomoyo. Alikaa sana humo ndani hata nikataka kubisha.

Halafu akaniita, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia zamani juu ya kelele za mashine.

"Nimefunguka, mwanangu. Nenda kalale."